Yanayoua na yanayoudhi: niliyojifunza kwa Land Rover ya mjomba

Miezi minne ya mwaka wa kwanza iliishia kwenye mlango mmoja, mlango wa dereva. Nikitoka kazini napitia gereji, napiga msasa, napaka puti, nasubiri ikauke, napiga msasa tena, kisha nafumba macho na kupitisha kiganja taratibu nikitafuta bonde. Nikilipata, naanza upya. Mlango ulitoka laini kama kioo cha kabati. Gari lenyewe lilikuwa juu ya matofali, halina injini, halina breki, na muda wote huo hewa ya chumvi ya Tanga ilikuwa ikiendelea na kazi yake kwenye kila kitu ambacho sikukigusa.

Nawaandikia wenzangu wenye gari kuukuu uani lililofunikwa turubai, ambao kila mwaka wanasema mwaka huu. Sitamwambia mtu alipue kazi. Napenda kazi safi, na nitaipenda hivyo hivyo. Ninachotaka kusema ni kwamba usafi una mahali pake, na ukiukosea mahali utakula miaka yako.

Gari ni Land Rover Series III, ile ya 109, yaani inchi 109 kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Mjomba aliliendesha kwenye shamba la mkonge kwa miaka mingi, na shamba lilipoliuza akalinunua yeye. Macho yalipoanza kumsumbua akaliegesha, na likakaa. Nilimwahidi nitalirudisha barabarani ndani ya mwaka mmoja. Ilichukua mitatu. Mmoja na nusu kati ya hiyo niliupoteza kwa kutaka kila kitu kiwe kamili kwa mara moja.

Siku aliyokuja kuuona ule mlango alikaa kwenye benchi, akaushika, akausifu kwa moyo mmoja. Kisha akaniuliza, "Mjomba, mlango ni mzuri sana. Sasa tukiufungua, tunapanda kwenda wapi?"

Usiku ule nikachukua daftari na kuchora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja nikaandika *yanayoua*, upande wa pili *yanayoudhi*. Yanayoua ni breki, steringi, chesisi (fremu ya chini inayobeba gari zima), magurudumu na habu zake (vitovu vinavyozungukia kwenye ekseli), mipira ya petroli, nyaya zilizochubuka. Yanayoudhi ni rangi, viti vilivyochanika, kioo kisichoshuka, dashibodi iliyopasuka, na mlango wenye bonde. Upande wa kwanza nilijiapiza kutokubali neno "itafaa". Upande wa pili ungesubiri hadi gari litembee.

Land Rover yenyewe inakubaliana na mgawanyo huu, na sababu yake iko kwenye historia. Zilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, hivyo bodi ikafanywa kwa aloi ya alumini. Chesisi ikabaki ya chuma. Alumini hailiwi na kutu kama chuma; inaharibika zaidi pale inapogusana na chuma, hasa penye unyevu. Kwa hiyo bodi niliyokuwa nikiihangaikia ingeweza kunisubiri miaka mingine mitano bila madhara makubwa, ilhali chesisi niliyoipa kisogo ilikuwa ikiisha kimyakimya.

Tena chesisi hiyo ni boksi, ina uwazi ndani. Matope na chumvi huingia kwenye matundu, vikakaa humo, na kutu ikaanzia ndani kuja nje. Kwa macho unaona rangi nyeusi, unaridhika. Chukua nyundo ndogo, lala chini, gonga hatua kwa hatua. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinaitika kwa sauti ya kufa kama debe lililojaa mchanga. Gonga sana boriti ya nyuma kabisa, mikono inayotoka ubavuni kubeba bodi, na pale springi zinapofungwa. Kwenye boriti ya nyuma ya gari letu nyundo ilizama.

Fundi wa kuchomelea alitaka kubandika bati juu ya palipooza. Ni kazi ya nusu siku, ukiipaka rangi haionekani. Nilikataa, na kila nikikumbuka nafurahi nilikataa. Bati jipya likichomelewa juu ya kutu linashikilia kutu, na kutu haina nguvu ya kushikilia chochote. Tulikata mpaka tukafika kwenye chuma kinachong'aa, tukapima, tukachomelea kipande cha milimita 3, tukapaka dawa ya kutu ndani na nje. Wiki tatu. Hapo ndipo pa kuwa msumbufu, pa kumrudisha fundi mara ya pili na ya tatu hata akinuna. Kuna waliosema niagize kutoka Uingereza chesisi mpya iliyochovywa zinki isishike kutu. Nilipopiga hesabu, na usafirishaji wake, niliona ahadi ya mjomba ingengoja miaka mitano mingine nikidunduliza.

Kwenye injini somo lilikuwa tofauti. Ni ile ya petroli ya silinda nne, sentimita za ujazo 2286, injini ya subira kubwa. Tulipopima kompresheni, yaani nguvu ya kila silinda kubana hewa, silinda tatu zilitoa karibu paundi 130 kwa inchi ya mraba na moja 115. Mimi nikataka tushushe kila kitu, bloku ikachongwe, pistoni mpya, ringi mpya. Fundi wa injini, mtu mzima asiyependa maneno mengi, aliniuliza kama inatoa moshi wa bluu, dalili ya kuunguza oili. Haitoi. Kama inakula oili. Kidogo. Basi tukaosha kabureta iliyokuwa imejaa gundi ya petroli iliyolala miaka, tukaweka gasketi mpya, tukaseti mwanya wa valvu kwenye milimita 0.25, tukafunga. Inawaka asubuhi kwa mara ya pili ya kusukuma stata. Bloku itachongwa siku ikiomba.

Jambo dogo lakini liliniumiza: usifungue usichopanga kukifunga mwezi huo. Mwanzoni nililivunja gari zima kwa wikiendi mbili, nati na bolti zote kwenye ndoo moja. Miaka miwili baadaye kila bolti ilikuwa kitendawili. Siku hizi kila sehemu ina kopo lake la maziwa ya unga lenye karatasi imebandikwa, na napiga picha kwa simu kabla ya kugusa spana. Na pesa vilevile: nunua spea za hatua uliyopo. Mipira ya milango niliinunua mwaka wa kwanza, ikakaa juu ya kabati kwenye joto, na nilipoihitaji ilikuwa imekakamaa.

Breki tulizifanya upya zote. Mabomba, mipira, silinda za magurudumu, masta silinda, viatu vya breki. Silinda za magurudumu zilikuwa zimeganda kwa kutu, na hilo ni tunda la kusimama. Wengi tunadhani gari lililoegeshwa limepumzika. Mafuta ya breki hunyonya unyevu hewani na kula chuma kutoka ndani, sili zinakauka, petroli inaganda. Kila mwezi niliouongeza kwenye mlango uliongeza kazi kwenye breki.

Kutoa hewa kwenye mabomba ya breki kunahitaji watu wawili. Mjomba hawezi kulala chini ya gari tena, basi nikamwomba akae kwenye usukani akanyage pedali. Alipanda kwa taabu, nikamshika kiwiko. Nikawa chini na spana, naita: kanyaga, shikilia, achia. Gurudumu la nyuma la mbali kwanza, tukamalizia la mbele karibu naye. Tulipomaliza pedali ikawa ngumu juu kabisa, akaikanyaga mara tatu bila kuambiwa, kisha akakaa tu pale mikono ikiwa kwenye usukani. Sikumharakisha. Mlango haukuwa hata umefungwa kwenye bawaba zake wakati huo.

Safari ya kwanza ilikuwa Pongwe, nje kidogo ya Tanga, na kurudi, gari halina rangi, viti vimefunikwa khanga ya mama. Nilikwenda polepole, na njiani nikajua mengi kuliko niliyojua kwa miaka miwili na nusu ya kulitazama. Nikikanyaga breki, gari linavuta kushoto. Tulipofungua dramu ya mbele kulia tukakuta sili ya habu inavuja, oili imelowesha viatu. Sili hiyo nilikuwa nimeiandika upande wa yanayoudhi, kwa sababu kila mtu atakwambia Land Rover hudondosha oili na ndivyo ilivyo. Kwenye giaboksi, sawa, weka sahani chini uendelee na maisha. Kwenye habu, oili inaelekea kwenye breki, basi inahamia ukurasa wa kwanza siku hiyo hiyo. Daftari lazima lisomwe upya kila baada ya safari, kwa sababu gari likitembea ndipo linasema linapoumwa. Likisimama utalisikia wapi?

Tangu siku ile nina utaratibu mmoja: kila Jumamosi linatembea, hata kama ni kuzunguka mtaa, na linalofuata kutengenezwa nalichagua kutokana na lililojitokeza njiani. Mengi niliyodhani ya lazima hayajajitokeza. Hakuna abiria hata mmoja aliyenung'unikia dashibodi. Ila dirisha la kushoto lisilofunga lilitulowesha wote siku ya mvua, nikalitengeneza wiki iliyofuata, vizuri, bila haraka, kwa furaha ambayo sikuwa nayo kwenye ule mlango.

Mlango wenyewe, ule laini, umeshapata mkwaruzo mrefu kutoka kwa mti wa mwembe wa jirani. Upande wa abiria bado una rangi ya msingi ya kijivu. Nilimwambia mjomba mwezi huu nimepata pesa ya rangi ya kijani, nataka nilipeleke gereji wiki mbili. Amekataa. Anasema tungoje masika yapite, maana Jumapili anataka nimpandishe Amani, kule juu kwenye milima ya Usambara, na ameshaniambia tutoke alfajiri.