Kuvua baramundi kwenye vijito vya Darwin

Ndugu, umeuliza mwende saa ngapi na marafiki zako watatu kwenye vijito vya mikoko karibu na Darwin, mji wa kaskazini mwa Australia. Saa ya mkononi iache, angalia jedwali la maji kujaa na kupwa. Baramundi, samaki mnayemtafuta, hujibanza pale mfereji mdogo unapomwaga maji kijitoni, akingoja dagaa na kamba wanaosukumwa nje maji yakipwa. Kwa hiyo fikeni maji yakiwa yanashuka, mrushe chambo pembeni kabisa mwa matope na magogo, mkivute taratibu, mkisimamishe kidogo.

Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, sizipendi kwa wageni. Pale tofauti ya kujaa na kupwa hufika mita 7 hivi. Mkichelewa kutoka, boti inakaa juu ya tope saa kadhaa, na mbu wa mikoko hawana huruma.

Halafu mamba. Msiingie majini hata kunasua ndoano, wala msiparie samaki ukingoni. Mshipi ukatike tu!

Baramundi wa chini ya sentimita 55 mrudishe majini, sheria ya huko. Na usimshike mashavuni, yanakata kama wembe.