Jibu: Mvietinamu mwenzetu wa timu na matamshi ya koding

Bro, umeuliza jamaa yenu wa Hanoi afanyeje, maana akisema "file" au "five" kwenye miting mnasikia "fai" tu. Sio uzembe, Kivietinamu hakina l, s wala v mwishoni mwa silabi na hata p, t, k za mwisho zinafungwa mdomoni bila kuachia pumzi so mkia wote unapotea, sisi tunaongeza vokali wao wanakata 😂. Mwambie achague maneno kama kumi anayotumia kila siku, ajirekodi na simu, avute sauti ya mwisho hata ikizidi, "faillll", "klasssss", lafudhi asihangaike nayo. "Cache" (hifadhi ya muda ya data) inatamkwa "kash" na "queue" (foleni) inatamkwa "kyuu", hizo akariri tu.