Kabla ya Kutangaza Kilo kwa Saa, Kapekue Mabaki

Wiki iliyopita kijana mmoja anayemalizia shahada ya uhandisi wa kilimo aliniandikia ujumbe mrefu. Amebuni mashine ndogo ya kuchakata mkonge, msimamizi wake anamtaka athibitishe kwamba inapitisha majani mengi kwa saa kuliko mashine zilizopo, naye anaomba ushauri wa namna ya kuongeza kasi. Nilimjibu kwa ufupi siku ile ile. Hata hivyo, maswali ya namna hii yananijia mara kwa mara, na wengi wenu mnaonisoma mna hamu ile ile ya kuona mashine mliyoichora kwa mikono yenu ikinguruma shambani, kwa hiyo nimeona nilieleze jambo hili kwa kirefu. Jibu langu ni kwamba asiongeze kasi yoyote kabla hajajua mashine yake inamwaga nini kwenye mabaki.

Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa mkonge, ila wengi wetu tunaufahamu zaidi ukiwa umeshakuwa kamba. Jani bichi karibu lote ni maji na nyama ya kijani. Singa kavu, yaani nyuzi zinazosokotwa kamba, ni kama asilimia 3 hadi 4 tu ya uzito wake. Maana yake ni kwamba lori lililobeba tani 7 za majani limebeba singa zisizozidi kilo 280, na kilichobaki chote ni mzigo unaolipiwa mafuta ili ukamwagwe mtaroni. Mitambo ya korona, yaani ile mikubwa ya kuchakata mkonge, mnayoiona Korogwe, Muheza na Pangani ilikusudiwa mashamba makubwa yenye maji tele na vibarua wengi, tangu enzi zile ambapo nchi yetu, katikati ya miaka ya 1960, ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za singa kwa mwaka. Mkulima mwenye ekari chache hana uwezo wa kujenga korona. Anakata, anasubiri zamu kwenye mtambo wa mwenzake, na wakati akisubiri jani linanyauka, utomvu unakauka ndani yake, na singa inayotoka inakuwa na madoa. Ndiyo sababu mashine ndogo inayoweza kuvutwa hadi pembeni mwa shamba imekuwa ndoto ya kila fundi na kila mwanafunzi wa uhandisi katika mkoa huu, nami nikiwamo.

Mashine yenyewe si ya ajabu. Ni ngoma ya chuma iliyopangwa visu butu kuizunguka, inayozungushwa na injini ya dizeli kwa mkanda, na mbele yake pana bamba la chuma lililopinda kufuata umbo la ngoma. Mwendeshaji huingiza nusu ya jani kati ya ngoma na bamba, visu vinaponda na kukwangua nyama, kisha huvuta, hugeuza na kuingiza nusu ya pili. Ngoma yenye kipenyo cha nusu mita ikizunguka mara 800 kwa dakika, ncha za visu hukimbia karibu mita 21 kwa sekunde, na ikiwa ina visu 12, jani hupigwa mara 160 katika sekunde moja. Kwa mapigo kama hayo, tofauti ya milimita moja katika nafasi iliyopo kati ya kisu na bamba si jambo dogo. Nafasi ikibana mno, singa hukatwa. Ikilegea, singa hutoka ikiwa imeshikamana na nyama, hukauka ikiwa ngumu na yenye rangi ya kahawia. Tena jani halina unene mmoja, kwani shina lake ni nene na ncha ni nyembamba, kwa hiyo nafasi inayolifaa shina huiacha ncha ikipita bila kukwanguliwa vizuri. Hapo ndipo ulipo utafiti wenyewe wa mashine hii, na hapo ndipo watafiti wengi wanapopita haraka ili waiwahi injini.

Sitawachosha na miaka ya kuchomelea, kuazima injini na kuandika maandiko ya kuomba fedha ambayo hayakujibiwa. Nitaanzia siku nilipoipeleka mashine yangu ya kwanza kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi ya ufundi wa korona, anayeishi si mbali na Ngomeni. Nilimwamkia, nikawasha injini, nikaanza kumwonyesha jinsi majani yanavyopita upesi. Hakuyatazama. Alizunguka nyuma ya mashine, akachutama kwenye rundo la mabaki lililokuwa bado linatoa povu, akachota konzi moja, akaikamua maji, akaanza kuipekua kwa kidole gumba. Alichomoa uzi mmoja, akaulaza juu ya goti lake, akachomoa mwingine, na mwingine, mpaka goti likajaa singa nyeupe zenye urefu wa kiganja na zaidi. Kisha akaniambia, "Mwanangu, mashine hii ina njaa. Inakula mkonge wa watu."

Niliondoka pale nikiwa na gunia la mabaki, na tangu siku hiyo sijafanya jaribio hata moja bila kupima kilichotupwa. Namna ya kufanya si ngumu, ila ni chafu na inawasha, kwa sababu utomvu wa mkonge huchoma ngozi, na asiyevaa glavu ndefu atajikuna mpaka alfajiri. Pima uzito wa majani kabla hayajaingia. Kusanya mabaki yote kwenye turubai, yakoroge vizuri, chukua sampuli, zipime zikiwa mbichi, kisha zioshe juu ya chekecheo mpaka nyama yote iondoke na singa zibaki. Singa hizo zikaushe katika tanuri la nyuzi joto 105 mpaka uzito wake usibadilike tena, na ufanye vivyo hivyo kwa sampuli za singa safi zilizotoka mbele, kwa sababu kulinganisha singa mbichi na singa kavu ni kujidanganya. Gawa uzito wa singa zilizomo kwenye mabaki kwa jumla ya singa zote, za mbele na za nyuma, zidisha kwa mia, nawe unayo asilimia ya upotevu. Ukishaipata ya nafasi moja ya kisu, badilisha nafasi, rudia. Badilisha kasi ya ngoma, rudia. Kazi hii haina picha nzuri ya kuweka kwenye simu, na nadhani ndiyo sababu inakimbiwa.

Nilipokwenda kuwasilisha matokeo mbele ya jopo la wataalamu, katika taasisi ambayo sitaitaja, nilikuwa na jedwali lote la upotevu kwa kila nafasi na kila kasi. Mwenyekiti alilifunua haraka haraka, akauliza swali moja tu: inapitisha kilo ngapi za majani kwa saa? Nilipojibu, akatabasamu na kusema kwamba mashine iliyowasilishwa kabla ya yangu inapitisha zaidi, na kwamba mimi, kwa maneno yake, nilikuwa nimetumia muda mwingi kutafiti takataka. Watu walicheka. Fedha zilikwenda kwa mwenzangu, ambaye simlaumu, kwa kuwa alijibu swali aliloulizwa. Lakini nakiri kwamba kicheko kile bado kinaniuma, na nikipita karibu na jengo lile huwa nageuza uso upande wa pili wa barabara.

Nichukue mfano wa hesabu tu ili mwone kilichochekwa. Tuseme mashine mbili zimepewa majani kilo 1,000 kila moja. Ya kwanza inamaliza kwa saa mbili na kutoa singa kavu kilo 26. Ya pili inachukua saa mbili na nusu na kutoa kilo 34. Kwa kipimo cha jopo, ya kwanza ni kilo 500 za majani kwa saa na ya pili ni 400, basi ya kwanza imeshinda. Kwa kipimo cha mkulima, ya kwanza inampa singa kilo 13 kwa saa na ya pili kilo 13.6, na zaidi ya hapo, kwa shamba lile lile, jasho lile lile la kukata na miaka ile ile ya kusubiri mkonge ukomae, ya kwanza imemtupia kilo nane mtaroni. Mama yeyote wa Pangani anayekuna nazi anajua kwamba anayetupa machicha baada ya kukamua tui mara moja hasifiwi kwa kuwahi kumaliza.

Yaliyofuata yaliniuma zaidi. Michoro yangu, niliyoiacha katika ofisi hiyo kwa kuwa utaratibu ulidai hivyo, ilitokea baadaye kwenye maonyesho ya Nane Nane ikiwa imegeuzwa mashine yenye rangi nyekundu ya kupendeza, na bamba lake limelegezwa ili majani yapite kwa kasi. Jina langu halikuwapo popote. Nilichutama nyuma yake kama alivyochutama yule mzee, nikapekua mabaki, na nilichokikuta sihitaji kukisimulia. Kijana aliyekuwa akiiendesha aliniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?" Nilimwambia hapana.

Kwa hiyo nawaambieni, vijana, kwa upendo na kwa ukali kidogo: mtafiti wa mashine za kilimo haajiriwi na jopo, anaajiriwa na mkulima, hata kama mshahara wake unatoka kwingine. Ukiandika kilo kwa saa bila kuandika upotevu, umeandika nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayouzia mashine mbovu. Jambo hili haliishii kwenye mkonge. Mashine ya kupukuchua mahindi inayovunja punje, kinu cha kukoboa mpunga kinachotoa chenga nyingi, mashine ya kuparua muhogo inayoacha vipande vikubwa visivyokamulika, zote huonekana hodari mpaka mtu aangalie kilichotoka upande wa pili. Pekueni mabaki. Nitalirudia mpaka mnichoke: pekueni mabaki.

Mpekue pia kwa kuzingatia saa. Katika majaribio yangu niligundua kwamba upotevu wa asubuhi na ule wa alasiri haulingani ingawa mashine ni ile ile, kwa sababu mwendeshaji aliyechoka haingizi jani hadi katikati yake, basi kipande cha kati hubaki na ukanda wa kijani ambao haukuguswa na visu wala kabla ya kugeuza wala baada yake. Akijaribu kusahihisha kwa kusukuma mkono zaidi, anausogeza karibu na ngoma. Hili la mikono ya watu sitaki lijadiliwe kama jambo la pembeni. Mdomo wa kulishia uwe mrefu kuliko mkono wa mtu, na swichi ya kuzimia iwe pale ambapo goti linaifikia. Mbunifu anayeona kwamba vitu hivi vinaongeza gharama aje asimame yeye kwenye ngoma kutwa nzima.

Mwezi uliopita chama kimoja cha wakulima wa mkonge, huku Korogwe, kiliita mafundi watatu kila mmoja alete mashine yake. Hawakuwa na jopo wala projekta. Walitugawia majani ya shamba moja, yaliyokatwa asubuhi moja, wakapima kila kitu kwa mzani wao wa kupimia mahindi, kisha mwenyekiti wao, mama mtu mzima ambaye nadhani hajawahi kuingia darasa la uhandisi, akatandika turubai nyuma ya kila mashine kabla injini hazijawashwa. Nilipoliona turubai lile nilijua siku hiyo ni yangu. Mashine yangu ilikuwa ya mwisho kwa kasi, na ndiyo waliyoichagua, wakaagiza nyingine ya pili. Mwenzangu mmoja alisema mzani ulikuwa mbovu. Mzani ulikuwa mmoja kwa wote.

Sasa nirudi kwa kijana aliyeniandikia, maana naye ana msimamizi wa kumridhisha na shahada ya kumaliza, na sitaki aende kugombana na mtu anayesahihisha kazi yake. Andika jedwali lako ukiweka kilo za majani kwa saa katika safu ya kwanza kama ulivyoagizwa, singa kavu kwa saa katika safu ya pili, asilimia ya upotevu katika ya tatu, na mafuta yaliyotumika kwa kila kilo ya singa kavu katika ya nne. Taja umri wa mkonge, saa zilizopita tangu jani likatwe, na kama ni mkonge wa kawaida au chotara namba 11648, kwa kuwa majani yao hayafanani na matokeo ya moja hayawezi kubebeshwa mwingine. Pima pia urefu wa singa zilizotoka safi, kwa sababu daraja la 3L linataka singa ndefu za kuanzia karibu sentimita 90, na mashine inayokata singa humshusha mkulima daraja hata kama haimwagi kitu nyuma. Visu vya chuma cha kawaida vitaliwa na utomvu, ambao una asidi, basi vipime nafasi yake upya kila siku kabla ya kuanza, usiamini kipimo cha jana. Kama chuo hakina tanuri, kaulizie kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, ambako mkonge umechunguzwa kwa miongo mingi, na uende na barua ya utambulisho yenye mhuri, maana bila mhuri hutavuka geti.

Glavu ununue mwenyewe. Za maabara ni fupi.