Mmea wenye maua kama miali ya moto uliojiotea kwenye uzio

Dada, mmea uliojiotea baada ya masika, ukapanda uzio na kutoa maua mekundu yenye kingo za njano yaliyopinda juu kama miali ya moto? Karibu nina hakika hiyo ni Gloriosa superba, ua la taifa la Zimbabwe. Ili kuhakikisha, acha ua, tazama jani: ncha yake hurefuka ikawa kikono chembamba kinachojisokota na kushika chochote kilicho karibu. Maua yanayofanana ni mengi, ila jani linalojishikiza kwa ncha yake ni nadra.

Uliuliza kama uung'oe. Mmea wote una sumu iitwayo kolichisini, hasa kiazi chake, ambacho mtu anaweza kukidhania kiazi kikuu. Imeshaua watu. Akikila mtu, hospitali papo hapo, hata kama bado hajisikii vibaya. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo au mbuzi, mimi ningechimba kiazi chote, kwa glavu. Vinginevyo uache, ni mzuri mno. Utanyauka wenyewe kiangazi, kisha mvua zikirudi utachipua tena palepale.