Ladha za Kijapani: maswali ya wasomaji

Najifunza Kijapani. Nikitaka kusema chai imekolea, niseme tsuyoi?

Hapana, sema koi. Tsuyoi ni nguvu ya mtu, ya upepo na kadhalika. Kwenye chai, kahawa au mchuzi neno la kila siku ni koi, na kinyume chake ni usui. Mtu akionja akasema "aji ga usui", anakwambia chakula hakijakolea.

Basi koi na kotteri ni kitu kimoja?

Sivyo, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapochanganya. Koi inapima kukolea tu. Kotteri ni ule uzito wa mafuta unaobaki mdomoni, kama supu ya mifupa ya nguruwe iliyochemshwa hadi ikawa nyeupe. Kinyume cha kotteri ni assari, yaani ladha nyepesi isiyokinaisha. Supu yaweza kuwa angavu, haina mafuta, lakini chumvi imekolea: hiyo ni assari na ni koi kwa pamoja. Tena angalia adabu: ukimwambia mpishi chakula chake ni assari, kwa kawaida umemsifu; ukisema usui, mara nyingi umelalamika.

Mgahawani nimeulizwa nataka rameni, ile supu ya tambi, ya ladha gani. Nijibu nini?

Migahawa ya mtindo wa Yokohama, iekei, huuliza mambo matatu: ugumu wa tambi, kukolea kwa ladha na wingi wa mafuta. Kwenye ladha, koime ni iliyokolea zaidi, futsuu ya kawaida, usume iliyopunguzwa. Kinachoongezwa au kupunguzwa ni tare, ile sosi inayochanganywa na supu kwenye bakuli. Mara ya kwanza agiza futsuu. Yenyewe ina chumvi ya kutosha.

Karai ni pilipili au chumvi?

Zote mbili. Ukihofia utata, chumvi iite shoppai. Kwenye sake, pombe ya mchele, karakuchi ni ile isiyo tamu.

Nina shinikizo la damu. Sosi ya soya ya usukuchi inanifaa?

Tafadhali usidanganywe na jina, ile usu ya usui. Kilichopungua ni rangi. Usukuchi ina chumvi takriban asilimia 18 hadi 19, wakati koikuchi, ile nyeusi, ina takriban 16 hadi 17. Wapishi wa Kyoto na Osaka huipenda kwa sababu haifuniki rangi ya mboga na samaki. Wewe tafuta chupa iliyoandikwa 減塩, gen'en, maana yake chumvi imepunguzwa, na hata hiyo itie kidogo.