Ukiombwa kupiga solo za Mark Knopfler

Wapiga gitaa wa hoteli za Moshi wanajua kwamba wageni walioshuka mlimani huomba nyimbo za aina mbili: zile za Kiswahili walizofundishwa na waongozaji na wapagazi njiani, na zile za ujana wao. Katika kundi hili la pili jina la Mark Knopfler, mpiga gitaa na mwimbaji wa Uingereza, na bendi yake ya Dire Straits halikosekani, hasa mezani kwa watu wa makamo kutoka Ulaya. Wala si wageni peke yao, kwa kuwa wapo wazee wetu wa hapa na wa Arusha waliozisikia nyimbo hizo katika kaseti miaka ya themanini, na ambao hadi leo huomba wimbo kwa kuigiza gitaa kwa mdomo badala ya kutaja jina lake. Ukiambiwa, “Mwanangu, nipigie ule wa tiririri tiririri,” ujue mzee anataka mwisho wa Sultans of Swing, na usimwombe afafanue zaidi.

Nimezipiga nyimbo hizi kwa miaka mingi mbele ya watu wanaozijua kuliko ninavyozijua mimi, na mara kwa mara vijana wanaoanza kazi hii huniuliza waanzie na solo gani, yaani kipande kipi ambacho gitaa linaongoza peke yake. Jibu langu huwaudhi kidogo. Nawaambia wasianze na solo yoyote, bali waanze na maneno ya wimbo, wayajue mstari kwa mstari hata kama sauti yao haifai kuimba, ndipo washike gitaa. Knopfler, aliyezaliwa Glasgow mwaka 1949 na kukulia upande wa Newcastle, alikuwa mwandishi wa gazeti mjini Leeds, akasoma Kiingereza katika chuo kikuu cha mji huohuo, akafundisha, ndipo mwaka 1977 bendi ikaanza jijini London. Ni mtu wa maneno aliyeingia katika gitaa akiwa na maneno yake, na solo ambazo mashabiki wake wanazipenda kuliko zote zimejengwa juu ya hadithi ambayo mwimbaji, yaani yeye mwenyewe, amekuwa akiisimulia.

Chukua Sultans of Swing, wimbo wa mwaka 1978 ambao shabiki yeyote atautaja katika tatu zake za kwanza. Hadithi yake ni ya bendi ya jazi inayopiga katika baa ya London usiku wa mvua, mbele ya watu wachache wasiojali sana, na wanamuziki wenyewe hawana habari na umaarufu; wanapiga kwa sababu wanapenda kupiga. Mwanamuziki wa hoteli aliyewahi kupigia meza tupu mwezi wa Aprili, wakati wa masika, hahitaji kufasiriwa wimbo huo. Sasa sikiliza gitaa: kila mara mwimbaji anapomaliza mstari, gitaa linaingia katika ile nafasi ndogo na kumjibu kwa kifungu kifupi, na vifungu hivyo havirudiwi ovyo, kila ubeti una majibu yake. Kijana akirukia solo ya mwisho bila kujifunza majibu hayo, atakuwa ameingia katikati ya mazungumzo asiyojua yalianzaje, na hata akipiga nota zote sawasawa, shabiki wa kweli atarudi kwenye bia yake.

Ile solo ya mwisho yenyewe, inayowatisha wengi, si ngumu kama inavyosikika. Wimbo uko katika D maina, na pale kwenye mbio maarufu mkono wa kushoto unakaa karibu na freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo ya gitaa) ya 10 hadi ya 13, kwenye nyuzi mbili nyembamba. Ukitoka D maina kwenda B flati, nota mbili za juu zinabaki zilezile, ikibadilika moja tu kwenye uzi wa pili, kutoka freti ya 10 kwenda ya 11. Ukifika C, umbo zima linasogea juu kidogo. Ugumu uko katika mkono wa kulia. Knopfler, ambaye kwa asili ni mtu wa mkono wa kushoto lakini hupiga gitaa kama wa kulia, hatumii kile kipande cha plastiki cha kupigia. Anatumia kidole gumba, cha shahada na cha kati, huku viwili vilivyobaki vikiegemea ubao wa gitaa. Nyama ya kidole ndiyo inayoifanya nota moja ing’ae na inayofuata inyamaze. Ukitumia plastiki utapata mbio lakini hutapata ile tofauti ya nzito na nyepesi. Ianze solo hiyo polepole mno, kwa mwendo wa mtu anayepanda mlima, na usiongeze kasi mpaka gumba lako liwe linaingia bila kuitwa.

Hapa vijana wetu wana urithi ambao mara nyingi hawautambui. Upigaji wa gumba na kidole cha shahada si mgeni kwetu, kwani Mwenda Jean Bosco wa Kongo alirekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akiupiga wimbo wake Masanga kwa namna hiyohiyo ya vidole, na nyimbo zake zikasambaa Afrika Mashariki yote. Tena kwa habari ya solo inayojibu sauti, tunaye Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz na baadaye Super Volcano, aliyefariki mwaka 1979, ambaye alikuwa mtunzi, mwimbaji na mpiga solo kwa wakati mmoja. Sikiliza anavyomaliza ubeti na kuliachia gitaa liendeleze kilio palepale alipokomea. Nikipata mwanafunzi asiyeelewa ninaposema gitaa limjibu mwimbaji, humrudisha kwanza kwa Mbaraka wiki nzima, kisha ndipo tunarudi London. Yule anayejua sebene peke yake huwa na kazi zaidi, kwa kuwa amezoea gitaa kuongoza wachezaji, ilhali hapa linamfuata msimulizi.

Mashabiki watakubishia kuhusu toleo. Wapo wanaoapa kwamba Sultans of Swing halisi ni ile ya albamu ya jukwaani iitwayo Alchemy, iliyorekodiwa katika ukumbi wa Hammersmith Odeon jijini London mwezi Julai 1983, ambamo wimbo unapita dakika kumi. Ni toleo zuri sana, nami nikiwa nyumbani ndilo ninalosikiliza. Lakini kwa kujifunza nashauri ile ya studio ya 1978, kwa sababu ni ya dakika zisizofika sita na kila kifungu kimewekwa mahali pake. Mwaka 1983 alikuwa ameshaupiga wimbo huo jukwaani kwa miaka mingi na alikuwa na ruhusa ya kuzurura, ruhusa ambayo mwanafunzi hana. Ukishaijua ya studio, chota vipande viwili vitatu vya Alchemy, na mgeni anayejua atakutazama na kutikisa kichwa.

Wimbo wa pili kuombwa ni Brothers in Arms, wa albamu yenye jina hilohilo ya mwaka 1985. Aliutunga wakati wa vita vya Falkland vya mwaka 1982, na msimulizi wake ni askari anayekufa mbali na nyumbani, akiwa na wenzake. Hapa ndipo mpiga gitaa mwenye vidole vyepesi huharibu, kwa kutaka kujaza. Solo za wimbo huu zina nota chache, kila moja ikiingia taratibu kama mtu anayevuta pumzi, na nyingine hazisikiki zinapoanza kabisa. Mlio huo wa kuingia bila kishindo hupatikana kwa pedali ya sauti, kile kifaa cha kukanyaga kinachopandisha na kushusha sauti. Kama huna, na wengi wetu hatuna, tumia kidole kidogo cha mkono wa kulia: funga kitufe cha sauti cha gitaa, piga uzi, kisha kifungue taratibu wakati nota bado inalia. Inahitaji mazoezi, na magitaa mengine kitufe hicho kiko mbali na nyuzi, lakini inawezekana. Kitu kingine ni kwamba wimbo uko katika G shapu maina, na mpiga kinanda wako atanung’unika akitaka muusogeze hadi A maina. Msikubali, isipokuwa mwimbaji akishindwa kabisa. Sauti ya Knopfler ni ya chini, karibu na maongezi, na mkiipandisha wimbo unapoteza uchovu wake.

Kuhusu Telegraph Road, wa albamu ya Love Over Gold ya mwaka 1982, nina mapenzi yanayonizuia kuwa mwamuzi wa haki. Ni wimbo wa zaidi ya dakika kumi na nne. Unaanza na mtu mmoja anayetembea na kuweka makazi porini, mji unakua, barabara inajaa, viwanda vinakuja, kisha kazi zinakwisha, na mwishoni anabaki mtu mwenye hasira anayetaka kuondoka na mpenzi wake. Jina ni la barabara halisi iliyoko Michigan, Marekani, pembeni mwa Detroit, lakini mkazi wa Arusha anayekumbuka kiwanda cha matairi kilivyokuwa na kilivyonyamaza ataielewa hasira hiyo bila ramani. Solo ndefu ya mwisho inaanza pale ambapo maneno yamekwisha na hasira haijakwisha, kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeipiga ni kwamba aangalie ngoma na kinanda kuliko vidole vyake: bendi nzima inapaswa kupanda pamoja, na gitaa likitangulia kilele kabla ya wengine, dakika tatu zinazofuata zitakuwa kelele. Bendi isiyofanya mazoezi pamoja isiuguse wimbo huu.

Tunnel of Love, ya albamu ya Making Movies ya mwaka 1980, nitaitaja kwa ufupi, ingawa mashabiki wengi huiweka juu ya zote kwa ajili ya ule mwisho wake mtulivu, ambapo gitaa na piano vinaachiana nafasi kwa adabu. Bila mpiga piano mzuri haipigiki. Romeo and Juliet, ya albamu hiyohiyo, huombwa sana na wapenzi wanaosherehekea ndoa, lakini uzuri wake uko katika kile kifungu cha mwanzo, kilichopigwa kwa gitaa la chuma la National la mwaka 1937, lilelile lililoko kwenye jalada la Brothers in Arms. Kwa gitaa la kawaida la mbao na kapo, kile kibanio cha shingoni, utafika karibu, na maharusi hawatalalamika.

Swali la vifaa huja kila mara, nami huona linapewa uzito usiostahili. Mlio wa Sultans of Swing ni wa Fender Stratocaster ambayo swichi yake imekaa kati ya pikapu (kinasa mlio wa nyuzi) ya katikati na ile ya karibu na daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini mwa gitaa, basi. Nakala yoyote ya bei nafuu yenye swichi ya hatua tano itakupa mlio wa jamii hiyo, mradi amplifaya iwe safi, bila mkwaruzo. Fedha uliyotaka kununulia pedali nunulia nyuzi mpya, kwa sababu kwa anayepiga kwa vidole uchakavu wa nyuzi husikika mapema kuliko kwa mwingine.

Tena uwe na wimbo mmoja mfupi wa akiba. Wangu ni ile muziki ya mwisho ya filamu ya Local Hero ya mwaka 1983, isiyo na maneno, ambayo timu ya Newcastle United huitumia inapoingia uwanjani nyumbani kwake. Mgeni akiomba Telegraph Road saa nne usiku, umeme umekatika, na meneja anakuonyesha kwa ishara kwamba mafuta ya jenereta yanakaribia kwisha, mpigie hiyo.