Jibu: fuvu la kufundishia limetoka na ngazi ngazi

Mkuu, umeuliza kwa nini fuvu la plastiki ulilowachapia kwa printa ya 3D wanafunzi wako wa uuguzi huko Lindi limetoka na ngazi ngazi kama matuta ya mihogo. Printa haina kosa. Angalia unene wa vipande vya CT, yaani zile picha za mionzi zinazoonyesha kichwa kipande kwa kipande: ukipewa vya milimita 5, programu inalazimika kubuni kilichopo katikati. Waombe watu wa mionzi vya milimita 1 au chini ya hapo.

Kwenye 3D Slicer, programu ya bure ya kugeuza picha hizo kuwa umbo la kuchapa, anza na kizingiti cha kama 250 HU (kipimo cha msongamano wa tishu kwenye CT) upate mfupa: kilicho chini ya hapo kinaachwa. Kazi yenyewe ndiyo hapo sasa. Mifupa myembamba, kama ukuta wa ndani wa tundu la jicho, hutoweka na kuacha matobo ambayo mgonjwa hakuwa nayo, na wanafunzi watadhani ndivyo tulivyoumbwa. Jaza kwa mkono, kipande kwa kipande. Mimi lilinila jioni mbili.

Jina la mgonjwa lifutwe kabla faili halijatoka hospitali, na kibali uwe nacho.

Halafu huu unyevu wetu wa pwani. Niliacha rola ya PLA, ile plastiki ya kuchapia, wazi hapa Mtwara wakati wa masika, ikawa inachapa huku inatatarika kama mafuta ya kukaangia samaki. Siku hizi inakaa kwenye ndoo yenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu.

Umeme ukikusumbua, ligawe fuvu mara mbili, kofia na kitako, uchape kimoja kimoja. Na ndani wataona.